Mzee akisema “niacheni”: tuwafundishe nini wanaomtembelea?

“Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja mkoani Lindi. Mwezi ujao nimepangiwa siku mbili za kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauguzi wa zahanati na watendaji wa vijiji, jumla watu 26, namna ya kuwasaidia wazee wasiojitunza. Kilichotusukuma ni mzee mmoja wa miaka kama 74, fundi seremala wa zamani. Mkewe alifariki mwaka juzi. Haogi, kucha zimejikunja, anatafuna makopa makavu (mihogo iliyokaushwa) au analala bila kitu tumboni. Nyumba imejaa mbao, mabati na magunia, mpaka anapita kwa ubavu. Mlango uling’oka, ameuegemeza tu. Mguuni ana kidonda. Tukienda anasema: ‘Niacheni, sijamwomba mtu.’ Watoto wake wako Mbagala, Dar es Salaam. Majirani wameanza kunong’ona mambo ya uchawi. Mtendaji anataka tuchukue mgambo twende siku moja tukasafishe kila kitu. Wahudumu wangu wawili wanasema ni haki yake, tumwache. Mimi niko katikati. Niwafundishe nini? Dalili? Sheria? Na huyu mzee je?”

Mwenzangu, umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na la mzee halingoji mwezi ujao. Kidonda kionwe wiki hii. Kama hataki kwenda zahanati, muuguzi amfuate nyumbani na vifaa vyake, aombe kukiona kidonda tu, asiguse habari ya kuoga wala ya magunia. Akikubaliwa, apime joto, presha na sukari, kwa sababu kidonda kisichopona kwa mtu wa umri ule wakati mwingine ndicho kinachofichua kisukari ambacho hakijawahi kupimwa. Kikiwa kinanuka, kina mabuu, au uvimbe na joto vinapanda juu ya mguu, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Mengine yote nitakayosema yanachukulia kwamba hilo limefanyika.

Sasa mafunzo. Ukiniambia nichague jambo moja kwa watu 26 na siku mbili, sitachagua dalili. Dalili wanazijua, ndizo zilizowafanya wamtaje mzee huyu. Wasichokijua ni cha kufanya baada ya kuambiwa “niacheni”, na ni nini kimejificha nyuma ya neno hilo. Kwa hiyo ningejenga siku zote mbili juu ya maneno matatu ambayo hata mtendaji asiye na utabibu atayakumbuka akiwa mlangoni kwa mzee: hana, hawezi, hataki. Tukiona uchafu, karibu sote tunarukia la mwisho. Kazi ya mafunzo yako ni kuwazoesha watu kuanza na yale mawili ya kwanza.

Hata lugha yetu inachangia kosa hili. Mzee aliyetelekezwa tunamhurumia, kwa kuwa kuna mwingine wa kumlaumu. Anayejitelekeza tunamlaumu yeye, kana kwamba ile “ji” iliyo ndani ya neno ni ushahidi kuwa aliamka asubuhi moja akaamua. Nimekaa na wazee wengi wa namna hii, na sikumbuki hata mmoja aliyeamua. Waliteleza kidogokidogo, na kila hatua ilikuwa na sababu yake.

Wenzetu wa Uingereza waliliandika jambo hili mapema. Mwaka 1966 Macmillan na Shaw waliwaeleza wazee wa Nottingham ambao usafi wao na wa nyumba zao ulikuwa umeporomoka kabisa. Mwaka 1975 madaktari watatu, Clark, Mankikar na Gray, wakachapisha habari za wazee 30 waliofikishwa hospitali wakiwa wagonjwa mahututi na wamejisahau kupita kiasi. Hali hiyo wakaipa jina la Diogenes, yule mwanafalsafa wa Ugiriki anayesimuliwa kuwa aliishi ndani ya mtungi. Jina lenyewe silipendi. Diogenes aliuchagua umaskini wake na hakurundika kitu. Mzee wako hakuchagua, na nyumba yake imejaa.

Lakini habari za wale 30 zisome mbele ya darasa lako. Wote walikuwa wanajulikana na idara za ustawi wa jamii kabla ya kuanguka, na theluthi moja walikuwa wamekataa msaada mara kwa mara. Yaani maofisa walifika, wakaambiwa “niacheni”. Nusu hawakuonekana kuwa na ugonjwa wowote wa akili, na wengi wao walikuwa watu waliofanikiwa kazini. Damu zao zilikuwa zimepungukiwa chuma, folati, vitamini B12, C na D, protini, potasiamu, hata maji. Karibu nusu walikufa. Waliopona, wengi walipata nafuu nzuri wakarudi kwao. Darasa likisikia hilo la mwisho, nyamaza kidogo. Watu wengi huingia kwenye kazi hii wakiamini hakuna tena cha kufanya.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo usiiruke. Wale wazee wa Uingereza, kwa maelezo ya madaktari wao, umaskini haukuwa shida yao kubwa. Kwetu kusini ndipo pa kuanzia.

Hana. Mtu wa Newala au Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, anajua maana ya ndoo ya maji. Kijana anaipata kwa miguu yake au pikipiki yake. Mzee asiye na mtu wa kumtuma anaigawa: ya kunywa kwanza, ya kupikia pili, ya kuoga ikibaki. Baada ya miezi sita tunasema hapendi kuoga. Muulize mhudumu wako swali rahisi: nyumba hii inaingiza ndoo ngapi kwa siku, na nani anazibeba? Sabuni ipo? Kuni anaokota nani? Macho yanaona? Mtoto wa jicho unamfanya mtu asiuone uchafu unaotukera sisi, na vikope vikishageuza kope ndani, kila mwanga ni maumivu, kwa hiyo mzee anafunga dirisha na kukaa gizani. Macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini na kwa vikope ndiyo hayohayo ambayo jirani mwenye maneno anayaita ya mchawi. Hilo liseme darasani waziwazi. Na mnong’ono wa uchawi usichukuliwe kama porojo: mhudumu akiusikia, mwenyekiti wa kijiji aambiwe ana kwa ana siku hiyo, na likitajwa neno la kumdhuru mzee, taarifa ifike polisi.

Chini ya “hana” kuna kitu kingine ambacho wahudumu huwa wanaona aibu kukiuliza: mikorosho yake iko wapi? Mzee mwenye shamba lakini anayekula makopa makavu mwezi wa Novemba, wakati kijiji kizima kina hela, anahitaji kuulizwa nani anaokota korosho zake, na kwa jina la nani zinapimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Huenda ameweka mikorosho rehani mwaka ule mkewe alipougua. Huenda kuna mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa nje ya utaratibu, anayempa chakula kidogo masika, kisha msimu ukifika anachukua magunia. Au ni ndugu tu. Hapo hatuna tena mzee anayejitelekeza. Tuna mzee anayeibiwa, na hatua zake ni nyingine.

Hawezi. Hapa ndipo ninapoomba ukae muda mrefu zaidi, nusu siku nzima ukiweza, maana ndipo wahudumu wema wanapodanganyika.

Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo inayofanya kazi ya nyapara. Haibebi mzigo wowote; inapanga, inaanzisha, inakumbusha, inasimamisha. Kuoga, kwako ni jambo moja. Kwa ubongo ni mlolongo: kuona kuwa siku imefika, kuteka maji, kutafuta sabuni, kuvua, kutokuanguka, kujikausha, kupata nguo safi iliyofuliwa juzi na mtu aliyekumbuka kufua. Nyapara akiugua, vibarua wote wapo lakini hakuna anayeanza. Presha isiyotibiwa kwa miaka, viharusi vidogo ambavyo hata havikutambuliwa, kisukari, pombe ya muda mrefu, iwe gongo au uraka, na magonjwa ya kusahau ya uzeeni, yote yanaweza kumdhuru nyapara huyu huku yakiuacha ulimi ukiwa mzima. Ndiyo maana mzee atakuamkua vizuri, atakupa historia ya kijiji tangu Operesheni Vijiji, atakuahidi “kesho nitaoga, mwanangu”, na kesho hakuna kitu. Hakukudanganya. Alipokuambia alikusudia.

Kutokana na hilo, wafundishe kanuni ya “nionyeshe”. Wasiridhike na “niambie”. Mzee akisema chakula anapika, mwambie kwa heshima: “Babu, leo nina kiu ya chai, tuiwashe pamoja.” Kisha kaa utazame. Je, anajua moto uko wapi? Anaanza na nini? Anakwama wapi? Akisema dawa za presha anakunywa, aombwe akionyeshe kidonge cha leo. Dakika kumi za kutazama zitakupa zaidi ya fomu ya kurasa nne. Wauguzi wakitaka kipimo cha kumbukumbu, kipo kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya watu ambao hawakusoma shule. Kina maswali machache na zoezi la kupanga vijiti vya kiberiti. Ni kipimo cha kuchuja tu. Ugonjwa hautangazwi kwa vijiti vya kiberiti.

Nyapara anaweza pia kuwa mzima lakini amekata tamaa. Mzee wako alifiwa na mke mwaka juzi. Kwa wanaume wengi wa rika lake, mke ndiye aliyekuwa saa ya nyumba: ndiye aliyeleta maji ya kuoga, aliyesema chakula tayari, aliyesema nguo hiyo vua nifue. Akiondoka, saa inasimama. Ongeza sonona juu yake na mwili unakuwa mzito kama gunia lililolowa. Sonona ya mzee mara nyingi haina machozi. Ina “sina hamu”, ina kuamka saa tisa usiku, ina maumivu yasiyo na mahali. Kila mhudumu ayajue maswali mawili ya kuanzia: katika wiki mbili hizi, moyo umekuwa mzito au bila matumaini? Na yale mambo uliyokuwa ukiyapenda, bado yana raha? Jibu likiwa ndiyo kwa la kwanza au hapana kwa la pili, linafuata swali la tatu, ambalo watu wanaliogopa bure: “Umewahi kufikiri ni bora ufe, au kujidhuru?” Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi huonekana kama wametuliwa mzigo kwa kuulizwa tu.

Halafu kuna mwili wenyewe. Swali ninalolipenda kuliko yote halimhusu mzee, linamhusu jirani: “Mara ya mwisho alikuwa sawa lini?” Kwetu watu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka korosho. Muulize: wakati wa kupulizia mikorosho salfa alikuwa anatoka? Wakati wa kuokota je? Aliyeporomoka tangu msimu uliopita ana tatizo la taratibu. Aliyekuwa sawa Ijumaa na leo Jumatatu hatambui watu ana dharura: malaria, mkojo wenye maambukizi, nimonia, kukaukiwa maji, sukari kushuka. Huyu apelekwe kwanza, tutajadili baadaye. Nimeona mzee akiitwa “mwenye akili za kitoto” kwa siku tano, kumbe ni maambukizi ya mkojo.

Sasa hataki, na ugomvi wa mtendaji wako na wahudumu wako.

Wanaosema ni haki yake wana hoja nzito, na usiwadharau. Mtu mzima mwenye akili timamu anaruhusiwa kuishi kwa namna ambayo mimi na wewe hatuipendi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inasema wazi kuwa mtu hahesabiwi amekosa uwezo kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara. Na bado nchi hiyohiyo, baada ya sheria yake ya matunzo ya mwaka 2014, inakuhesabu kujitelekeza kuwa jambo la kumlinda mtu, sambamba na unyanyasaji. Hayo mawili hayapingani. Haki ya kukataa ni ya uamuzi, na uamuzi unahitaji mambo manne: mzee aelewe anachoambiwa, akishike muda wa kutosha, akipime, na aweze kueleza alichokiamua. “Babu, kidonda hiki kisipotibiwa kitakuwaje?” Akikujibu, “Kinaweza kuoza, mguu ukakatwa, lakini mimi hospitali siendi mpaka mwanangu aje Jumapili,” huyo anapima. Akikujibu, “Kidonda gani?” huku nzi wamekaa juu yake, huyo hajakataa tiba. Hajaifikia hata hatua ya kukataa. Wahudumu wako wawili wanapaswa kujua kwamba “ni haki yake” ikisemwa kabla ya kuuliza maswali hayo si heshima. Ni uchovu uliovaa kanzu. Na uwezo huo una saa zake: asubuhi unaweza kuwepo, jioni haupo, kwa jambo la tiba unaweza kuwepo, kwa la hela haupo. Uulizwe kwa kila jambo lenye uzito, na urudiwe.

Kuhusu mgambo, nikusimulie. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii tulikuwa na bibi mmoja katika kijiji cha pwani, nyumba imejaa magunia mpaka darini. Tulikwenda na vijana kumi na mbili na toroli. Saa nne asubuhi tulianza, alasiri nyumba ilikuwa nyeupe, tukapiga na picha. Magunia tuliyachoma. Siku tatu baadaye jirani akaniambia kulikuwa na kanga za mabinti zake wawili waliokufa, alizozifunga moja moja na kuzitumbukiza katikati ya matambara ili zisiibwe. Bibi hakutukana mtu. Alihamia kibanda cha shambani, na kila aliposikia hodi ya mgeni alizima kibatari. Kwa miezi mingi hakuna mhudumu aliyeweza kumfikia. Nyumba ilijaa tena alipoirudia, kama inavyojaa karibu kila inaposafishwa kwa mtindo ule, kwa sababu uchafu tuliuondoa na kilichouleta tulikiacha.

Kwa hiyo mjibu mtendaji wako hivi: kulazimisha kupo, lakini kuna mlango wake. Sheria yetu ya Tanzania ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina utaratibu wa kumfikisha kwenye matibabu mtu mwenye maradhi ya akili asiyeridhia, na uchunguzi wa kitabibu uko ndani ya utaratibu huo. Mgambo na toroli havimo. Kama maisha yako hatarini leo, mpeleke hospitali leo. Kama si leo, muda mnao.

Na muda huo ndio somo lenyewe. Siku ya pili ya mafunzo weka pembeni projekta. Wagawe wawiliwawili, mmoja awe mzee, mwingine mgeni, dakika ishirini, na sharti moja: mgeni haruhusiwi kutaja uchafu, kuoga, ugonjwa wala kusafisha. Wataona jinsi dakika ishirini zilivyo ndefu. Watahangaika, watacheka, kisha mmoja atauliza kuhusu picha ukutani, na mzee wa kuigiza ataanza kuongea. Kisha geuzeni. Wafundishe pia mambo madogo ambayo shuleni hayafundishwi: kupiga hodi mara tatu na kusubiri hata kama mlango haupo, shikamoo kabla ya daftari, kukaa pale unapokaribishwa, hata kama ni gunia, kutofunika pua. Harufu inazoeleka baada ya dakika chache, na kupumua polepole kwa mdomo husaidia. Mkono kwenye pua mzee hatausahau. Kuchukizwa si dhambi, mwili hauombi ruhusa, lakini ni lazima mhudumu apate mahali pa kulisema hilo baadaye, na mahali hapo pawe kwako, pasiwe kilabuni.

Ombi la kwanza liwe la mzee. Wewe umekuja kwa kidonda, yeye anataka betri za redio. Lete betri. Msaada unaoanza na alichokitaja yeye, hata kama ni kidogo mpaka unaona aibu kukiandika kwenye ripoti, ndio unaofungua msaada wa pili. Baada ya hapo ndipo mambo yanagawika vipande: mguu kabla ya mwili mzima, njia ya kufika kitandani kabla ya chumba, gunia moja analolichagua yeye na kulifungua yeye.

Wajue na hatari za wema. Mzee aliyekaa siku nyingi bila chakula cha maana asipewe sahani iliyojaa kwa furaha ya kumwona anakula. Chumvichumvi za damu zinaweza kuporomoka ghafla na moyo ukasimama. Aanze kidogokidogo, chini ya uangalizi wa muuguzi au hospitali. Mnywaji wa kila siku asiamrishwe kuacha leo. Mtetemo na degedege vinaweza kumuua, aachishwe kwa msaada wa daktari.

Kuhusu ndugu: usimalizie kwa watoto walio Mbagala. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa mama, na kwa mzee wa miaka 74 mwenye kauli huenda ni mpwa wake, mtoto wa dada, ambaye jina lake halimo kwenye faili lako. Muulize mzee mwenyewe: “Nani akisema, wewe unamsikia?” Wakati mwingine jibu ni mtani wake. Mtani anaweza kusema “unanuka, wewe, nitakuzika kabla ya korosho” na wote wakacheka, na maji yakachotwa. Wewe ukisema hivyo umemtukana. Watoto wapigiwe simu, ndiyo, lakini wapewe kazi maalumu yenye siku yake, kama vile ndoo mbili kila siku zilipwe kwa kijana fulani. Mkutano wa lawama hauchoti maji.

Jambo ambalo mafunzo mengi huliacha ni kinachofuata baada ya siku mbili. Panga kabisa kikao cha saa mbili kila mwezi, muuguzi, mhudumu, mtendaji na wewe, mzee mmojammoja mezani. Uingereza huchunguza vifo vya watu wa namna hii, na ripoti zake zinarudia jambo lilelile: kila ofisi ilikuwa na kipande chake cha habari, na hakuna aliyeviunganisha. Zahanati ilijua presha, mtendaji alijua ugomvi wa shamba, mhudumu alijua hali. Kwenye kikao hichohicho angalieni nani ana haki ya msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na nani anastahili kuibuliwa kwenye mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini. Hilo la makaratasi ni fupi, lakini lisipofanywa na wewe mzee hatalifanya.

Wakati wa kutosubiri kikao chochote wabandikiwe ukutani: aliyechanganyikiwa ghafla; mwenye homa; asiyekula wala kunywa kwa siku mbili; asiyekojoa; aliyeanguka na hasimami; uso uliopinda au mkono uliolegea; kidonda kama nilivyosema juu; anayesema atajiua, hasa akiwa na sumu ya kupulizia mikorosho ndani ya nyumba. Hao wanaanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, na kama hali ni nzito, Sokoine kwa Lindi, Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kwa Mtwara. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Mzee ambaye “nionyeshe” imemshinda, lakini hana dharura, aonwe na daktari ndani ya wiki chache. Kuna sababu zinazotibika, na daktari peke yake ndiye atakayezipata. Mimi kwa maandishi siwezi.

Nirudi kwa fundi wako. Umeandika mlango uling’oka, na mtu huyu ni seremala. Mbao zote zile ndani, na mlango wake mwenyewe ameuegemeza. Sijui kama ni mikono, ni macho, ni moyo au ni nyapara, na wewe bado hujui, mlango utakuonyesha. Muuguzi akishaona kidonda, mwende wewe na mhudumu mmoja tu, asubuhi, na bawaba mbili na misumari mfukoni. Mwambie mlango unakusumbua kuuona hivyo na wewe huna ufundi, akuelekeze. Mtazame anavyochagua ubao, anavyoshika nyundo, anavyoanza au asivyoanza, ameona tundu la msumari au analipapasa. Akikufukuza, acha bawaba pale, aga vizuri, taja siku utakayorudi, na siku hiyo urudi kweli. Niandikie baada ya ziara ya tatu.